ANAYETUMWA HURUDI NA HESABU

(Haya ni maneno yaliyosemwa na halmashauri ya tawi letu mbele ya mkutano wa wanachama wote. Yamepigwa chapa humu kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu ya kazi wasiweze kuja.)



Tunajua kwamba wengi wenu mmetoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja, na macho yana usingizi. Kwa hiyo hatutawachosha. Leo tuna jambo moja tu, nalo ni safari za ng'ambo za mkuu wa serikali yetu.

Wako watakaouliza: Chama cha wafanya kazi kina shughuli gani na safari za Rais? Kazi yetu si mishahara, saa za kazi, likizo na malipo ya uzeeni? Ni kweli. Lakini kila mmoja wenu atoe karatasi yake ya mshahara aitazame. Mtaona asilimia 1.5 ya nyumba, iliyowekwa na sheria ya Machi 2024. Mtaona asilimia 2.75 ya bima ya afya, iliyoanza Oktoba 2024. Hayo mawili yana mifuko yake. Lakini juu yake mtaona kodi ya mapato, nayo huingia katika mfuko mkuu wa Serikali. Ndege ya mkuu wa serikali ikiruka, mafuta yake yanatoka katika mfuko huo. Basi nauli ile tumeilipa sisi, hata kama hatukuketi ndani.

Na iko sababu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Siku hizi mkuu wa serikali akienda ng'ambo huzungumza habari za kazi. Huzungumza juu ya vijana wetu watakaokwenda kuendesha mabasi, kuuguza wagonjwa na kufanya kazi katika nyumba za watu wa mbali. Yaani huzungumza juu yetu. Mtu akizungumziwa habari zake, haki yake ni kujua limesemwa nini.

Kabla ya kutazama nyumba ya Serikali, na tutazame nyumba yetu wenyewe.

Wanachama wa zamani mnakumbuka habari ya mjumbe mmoja wa tawi hili. Hatutamtaja jina, kwa sababu alijirekebisha na bado ni ndugu yetu. Tulimtuma Nairobi kwenye mkutano wa siku mbili. Tukampa masurufu ya njiani: nauli, chakula na malazi. Aliporudi alitusimulia vizuri sana. Alisema mkutano ulikuwa mkubwa, wakubwa walihutubia, naye alipigwa picha pamoja nao. Mama mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono akauliza maneno mawili tu: "Risiti ziko wapi? Na hoja yetu ya posho ya usiku ilijibiwaje?" Mjumbe hakuwa na risiti ya malazi, maana alilala kwa shemeji yake, na fedha za malazi alikuwa amezitumia. Na hoja yetu hakuisimamisha, maana siku ya pili alichelewa kufika.

Mlifanya nini? Hamkumpiga wala hamkumtukana. Mlimwambia arudishe fedha ya malazi kidogo kidogo, na mkaandika kanuni katika daftari la mikutano kwamba mjumbe ye yote atoe hesabu na jibu kwa maandishi katika siku 14 za kurudi. Kanuni ile inatulinda mpaka leo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa, ndugu zetu, Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema mamlaka yote ni ya wananchi. Inasema pia kwamba Rais ndiye Mkuu wa Nchi na Mkuu wa Serikali. Maana yake ni kwamba yeye ni mjumbe wetu aliye mkubwa kuliko wajumbe wote. Akienda ng'ambo amebeba jina letu na fedha yetu. Basi kipimo kile kile cha mjumbe wa tawi ndicho kipimo chake. Hatumpunguzii heshima tukisema hivyo. Anayedaiwa hesabu ni yule aliyeaminiwa.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Julai 1964 Mzee Jomo Kenyatta, ambaye wakati ule alikuwa Waziri Mkuu, alikwenda London kwenye mkutano wa mawaziri wakuu wa Jumuiya ya Madola. Baada ya hapo hakupenda sana kusafiri mbali, akawa hutuma mawaziri wake. Waliomfuata walisafiri zaidi, kila mmoja kwa namna yake. Mwaka 1995, wakati wa Mzee Moi, Serikali ilinunua ndege ya Rais aina ya Fokker 70.

Na sisi wa vyama tuna historia yetu ya safari. Mwaka 1956 marehemu Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa KFL, alikwenda Marekani. Chama kikuu cha wafanya kazi wa huko, AFL-CIO, kikatoa dola 35,000 za kujenga makao ya vyama vyetu Nairobi. Nyumba ikajengwa, ikaitwa Solidarity House. Safari ile ilikuwa na matunda ambayo mtu aliweza kuyagusa kwa mkono. Lakini semeni kweli yote: fedha ile ya marafiki ilileta maneno. Watu waliuliza, je, sasa chama ni cha nani, chetu au cha waliotoa fedha? Ugomvi wa vyama juu ya urafiki wa nje ulikua, mpaka mwaka 1965 Serikali ikavunja mashirikisho yaliyokuwa yakigombana, na COTU ikaundwa. Kwa hiyo sisi tumejifunza mapema kwamba msaada wa rafiki nao unataka kuandikwa katika daftari.

Sasa tufike kwenye safari iliyosemwa kuliko zote za miaka hii. Mei 2024 Mheshimiwa Rais William Ruto alikwenda Marekani kwa mwaliko wa Rais Joe Biden. Ilikuwa ziara ya heshima kubwa. Hakuna mkuu wa nchi ya Afrika aliyekuwa amepokewa Washington kwa ziara ya namna hiyo tangu mwaka 2008. Sisi pia tulifurahi kuona bendera yetu kule.

Lakini hakwenda kwa Fokker yetu, wala kwa ndege ya Kenya Airways. Alikwenda kwa ndege ya kifahari ya kukodi, mali ya kampuni ya ng'ambo. Wananchi wakauliza: Ni kiasi gani? Jibu la kwanza lilikuwa kwamba ndege ile ilikuwa rahisi kuliko kusafiri na Kenya Airways. Wananchi wakauliza tena: Inawezekanaje? Jibu la pili likaja tarehe 30 Mei, katika maombi ya kitaifa. Rais akasema gharama haikuzidi shilingi milioni 10, kwa sababu marafiki walisaidia. Katika maneno yale marafiki hawakutajwa majina.

Ndugu zetu, tusiwe watu wa kelele. Tulipime jambo hili kama tulivyompima mjumbe wetu aliyelala kwa shemeji yake. Hatusemi kwamba fedha imeliwa. Hatuna ushahidi wa hivyo, na chama cha kweli hakisemi neno kisicholijua. Tunasema hivi: ikiwa milioni 10 ilitoka kwetu, risiti yake iwekwe mezani. Na ikiwa kilichobaki kilitoka kwa marafiki, marafiki hao watajwe. Kwa nini? Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Rafiki akikulipia nauli ya kwenda posta, utamshukuru tu. Lakini rafiki akimlipia nauli mkuu wa nchi, siku moja atabisha mlango, na mlango atakaobisha ni wetu.

Tukumbuke pia wakati wenyewe. Mwezi uliofuata, Juni 2024, ulikuwa mwezi wa Mswada wa Fedha. Mswada ule ulipoletwa ulitaka mkate utozwe kodi ya asilimia 16, na gari litozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Hata baada ya mambo hayo kuondolewa, hasira haikuisha. Tarehe 25 Juni vijana waliingia Bungeni, na watu walikufa kwa risasi. Kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Hatusemi kwamba ndege ndiyo iliyoleta msiba ule. Ulikuwa na sababu nyingi. Lakini mtu anayeambiwa akaze mshipi hutazama kwanza mshipi wa yule anayemwambia. Serikali yenyewe ilikwisha kulijua jambo hili, maana mwishoni mwa 2023 ilikuwa imetoa agizo la kupunguza safari za nje za wakubwa, na Rais akatangaza kwamba fedha za safari zitakatwa nusu.

Wako ndugu wanaosema: Basi mkuu wa serikali asisafiri kabisa! Sisi hatusemi hivyo. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na Rais John Magufuli. Tangu aliposhika madaraka Novemba 2015 hadi alipofariki Machi 2021, hakutoka nje ya bara la Afrika hata mara moja, na wakubwa wengine walihitaji ruhusa kusafiri. Aliokoa fedha, na wengi walimsifu. Lakini nchi bado ilikuwa na mambo ya kusemwa mbali, na wengine walitumwa kuyasema. Iko mikutano ambayo mkubwa hukaa na mkubwa mwenziwe, na aliyetumwa hukaa nyuma.

Tazameni viwanda vya nguo vya Athi River na vya Pwani. Wenzetu wanaoshona huko, wengi wao kina mama, wanaishi kwa soko la Marekani, kwa sheria ya AGOA iliyopitishwa mwaka 2000. Sheria ile iliacha nguo zetu ziingie bila ushuru. Muda wake ulifika mwisho tarehe 30 Septemba 2025, na siku ile ilipita bila kuongezwa. Mkuu wa serikali akienda kuomba sheria kama ile iongezwe, amekwenda kuomba sufuria ya mama mshonaji isikauke. Safari ya namna hiyo tutaitetea mbele ya watu wo wote. Rais naye, alipoulizwa juu ya safari zake mwishoni mwa 2023, alijibu kwamba haendi kutalii, bali anatafuta kazi na biashara kwa Wakenya. Jibu hilo ni zuri. Nasi twasema: vema, sasa tuonyeshwe kilichopatikana, mstari kwa mstari.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Nauli ya ndege, hata ikiwa kubwa, ni fedha iliyokwisha toka. Sahihi iliyowekwa kule ng'ambo ndiyo inayokaa miaka mingi.

Tarehe 13 Septemba 2024 Rais alikuwa Berlin. Yeye na Kansela Olaf Scholz walishuhudia mkataba wa Kenya na Ujerumani juu ya wahamiaji na kazi. Habari zikaenea kwamba Wakenya 250,000 watapata kazi Ujerumani. Vijana wetu walichangamka. Wako waliokwenda kuuliza bei ya masomo ya Kijerumani siku ile ile. Kisha wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikasema kwamba habari ile ya 250,000 si kweli, na kwamba mkataba haukutaja hesabu yo yote ya watu. Anayetaka kwenda ni lazima atimize masharti ya sheria ya Ujerumani ya mafundi na wenye ujuzi. Madereva wa basi waliokuwa wamekwisha fika mji wa Flensburg kwa majaribio walikuwa watano.

Watano, ndugu zetu. Hatuwadharau wale watano. Ni madereva wenzetu na tunawaombea heri. Lakini kati ya watano na laki mbili na nusu pana nafasi ya kupitisha matapeli wengi. Dalali wa kazi hewa hula katika nafasi hiyo. Kijana anauza ng'ombe wa baba yake kwa sababu alisikia hesabu ambayo haimo katika karatasi.

Na ukurasa wa pili wa mkataba ule haukusemwa sana. Ulirahisisha pia kurudishwa nyumbani kwa Wakenya wasio na ruhusa ya kukaa Ujerumani, hata wakiwa na pasipoti iliyokwisha muda wake. Huenda jambo hilo ni la haki. Lakini wangapi kati yetu hapa waliusoma mkataba? Tunaomba mikono. Hatuoni hata mmoja. Nasi wa halmashauri hatujifanyi wema kuliko ninyi, maana tuliutafuta tu tulipokuwa tukitayarisha maneno haya.

Msituone tunachungulia mambo madogo. Mikataba ya kazi za ng'ambo ni habari ya uhai. Machi 2025 gazeti la New York Times liliandika kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikufa Saudi Arabia katika miaka mitano. Walikwenda kufanya kazi. Mama anapokwenda uwanja wa ndege kupokea sanduku la binti yake, hakuna mtu wa kumwonyesha picha ya wakubwa wakipeana mikono. Anachouliza ni hiki: Karatasi ilisema nini juu ya mwanangu? Nani alikuwa na wajibu wa kumlinda? Angeweza kukimbilia mlango gani?

Sheria iko, lakini ina mlango mdogo wa nyuma. Katiba inasema mkataba uliothibitishwa na Kenya unakuwa sehemu ya sheria zetu. Sheria ya mikataba ya mwaka 2012 inataka mkataba upite kwa Baraza la Mawaziri, kisha Bunge la Taifa, na wananchi wasikizwe. Lakini sheria hiyo hiyo inaacha nje makubaliano ya nchi mbili yaliyo ya shughuli za serikali, au ya utendaji na utaalamu. Basi hati ya makubaliano ya kupeleka watumishi wa nyumbani ikiitwa ya utendaji, inaweza kupita bila mbunge kuisoma. Maisha ya mtoto wa mtu si jambo la utendaji.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, tunaleta mbele yenu maswali manne. Kila mkuu wa serikali yetu anaposafiri, wa leo au wa kesho, wa chama hiki au kile, tumwulize hayo hayo:

La kwanza, nani analipa, na ni kiasi gani? Kama yuko rafiki anayelipa, ni nani?

La pili, nani wamo ndani ya ndege, na kila mmoja ana kazi gani huko?

La tatu, kama mnakwenda kuzungumza habari za wafanya kazi, je, vyama vya wafanya kazi vimeulizwa kabla ya sahihi kuwekwa?

La nne, mmerudi na nini, na karatasi yenyewe iko wapi, kwa lugha ambayo dereva na yaya wanaisoma?

Msidhani kwamba maswali haya hayana mahali pa kupelekwa. Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa Serikali. Sheria ya mwaka 2016 ikaeleza njia. Unaandika barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa ofisi inayohusika. Ofisi inatakiwa kujibu katika siku 21. Ikikataa au ikinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tena, Msimamizi wa Bajeti hutoa taarifa kila miezi mitatu, na ndani yake imo fedha iliyotumika kwa safari za ndani na za nje. Na Katiba, kifungu cha 201, inasema fedha ya umma itumike kwa busara na kwa uwazi. Hizi ni zana zetu. Jembe lisilotumika huota kutu.

Halmashauri yenu inapendekeza mambo matatu. Tawi liandike barua kwa wizara ya kazi kuomba nakala za makubaliano yote ya kazi za ng'ambo yanayotumika sasa, na barua hiyo itiwe sahihi na kila mwanachama anayetaka. Pili, jibu likija, zuri au baya, lisomwe katika mkutano kama huu na lipigwe chapa humu. Tatu, nakala ya mkataba wo wote tutakaoupata ibandikwe ukutani ofisini, ili mzazi ye yote asiuze ng'ombe kabla ya kuja kuusoma. Asiyejua kusoma tutamsomea, bila malipo.

Na jambo la mwisho. Tukimdai mkuu wa serikali risiti, sisi nasi tuwe safi. Mweka hazina wetu ameleta leo hesabu za safari zote za wajumbe wa tawi mwaka huu, pamoja na risiti zake. Ziko juu ya meza ile karibu na mlango. Mkitoka, kila mtu apite azitazame. Mkiona kosa, semeni leo leo, msingoje kusemea njiani.

Mkuu wa serikali na asafiri, tena asafiri salama, na Mungu amrudishe kwa watu wake. Lakini akirudi, asitukute uwanjani na vigelegele tu. Atukute na daftari limefunguliwa na kalamu iko tayari.

Umoja wa wafanya kazi udumu.